Jina Lisianguke

Kitu cha kwanza kilichoniudhi ni kwamba hawakunizuia kuingia. Nilikuwa nimejiandaa kuzuiwa. Njia nzima nilikuwa nikiyapanga maneno ya kumtolea bawabu, maneno makali yenye hoja, kisha nafika nakuta mlango uko wazi, hakuna bawabu, hakuna komeo, hakuna hata mtu wa kuniuliza nimetoka wapi. Mtu aliyejiandaa kugombana akikosa wa kugombana naye hubaki na ugomvi wake mkononi, kama aliyempeleka kuku sokoni akakuta soko limefungwa. Nikaingia nao hivyo hivyo.

Ndani walikuwa wanaimba. Au niseme walikuwa wanaita, au wanalia, au wanasoma kitu kisichoandikwa popote. Sikujua, na kule kutojua kulinichosha kuliko jua la nje. Jua lenyewe siku hiyo lilikuwa limesimama utosini tangu nilipoamka na halikuonyesha nia ya kwenda kokote. Katika mji wetu mambo hayo hutokea. Zipo siku zinazokaa, zipo siku zinazopita mara mbili, na watu wamezoea, hawasemi kitu. Sisi ni watu wa kutosema kitu.

Hili nalo nilieleze, maana bila hilo hakuna litakaloeleweka. Mji wetu huabudu kwa kufumba. Wakati wa ibada ukifika kila mtu huacha alichokuwa akikifanya, huugeukia ukuta ulio karibu naye, huweka kiganja juu ya midomo, na husimama hivyo mpaka moyo utulie. Hakuna sauti. Mtoto akilia hutolewa nje ya lango. Juu ya lango lenyewe wazee waliandika kwa chokaa: Kimya kingi kina mshindo mkubwa. Nimekua chini ya maneno hayo na sijawahi kuusikia huo mshindo, ila sikuuliza, kwa sababu kwetu kuuliza ni nusu ya kupiga kelele.

Na ng'ambo ya mtaro, mkabala na ukuta wetu wa mwisho, ndipo ilipo nyumba hii. Haina dirisha, ina mlango mmoja, na ndani yake wamo watu ambao hawajanyamaza tangu kabla ya mji kuwa mji. Hawanyamazi. Sisemi kwamba huimba sana, au huimba asubuhi na jioni. Jogoo naye huwika asubuhi na hakuna anayemlaumu. Nasema hawanyamazi. Ukilala wanaimba, ukioa wanaimba, ukizika wanaimba, na unaposimama mbele ya ukuta na kiganja mdomoni ukiutafuta huo mshindo wa kimya, unachokisikia ni wao.

Kila mtu kwetu alikuwa na lake kuhusu ile nyumba. Mzee Kitwana, mkuu wa Baraza la Utulivu, alisema ni walevi, na kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Muuza mkaa alisema wanaita mvua. Mvua isiponyesha akasema wanaifukuza. Mwalimu alisema ni maradhi yanayoambukiza kwa masikio, akaagiza watoto watiwe pamba. Kisha siku moja akaja mgeni kutoka mbali, mtu mwenye viatu vizuri, akakaa chini ya ukuta wao amefumba macho, akasikiliza, akatokwa na machozi, akasema hajapata kusikia uzuri wa namna ile. Halafu akasimama, akajipangusa vumbi, akaenda zake, na hakuuliza hata wanaoimba ni akina nani. Huyo aliniudhi kuliko Mzee Kitwana. Anayekutukana angalau amekugeukia. Yule alizitafuna sauti za watu kama muwa, akatema makapi, akaondoka.

Mimi pia nilikuwa na maelezo yangu, na yalikuwa mafupi kuliko yote: wananisumbua.

Kisha mama yangu akahamia kwao.

Hakuaga. Mama Mbaruku, mjane wa mtu mtulivu, mwanamke aliyefumba mdomo maisha yake yote hata kiganja kikamwachia alama shavuni, alivuka mtaro akaingia humo na hakurudi. Ni lini? Nikihesabu kwa mavuno ni juzi. Nikihesabu kwa mvi zangu ni utotoni. Nakumbuka niliamka nikakuta uji umefunikwa kwa kawa, na uji ulikuwa bado wa moto, na mimi nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu. Mbaruku ni mimi. Kwetu mwanamke akishazaa jina lake huwekwa kando kama nguo ya harusi. Huitwa kwa mtoto wake wa kwanza mpaka siku ya kuzikwa, na mtoto anayethubutu kulitamka jina la mama yake hadharani huonekana amevuliwa adabu. Kwa hiyo nilikuwa nikisikia mjini, "Mama Mbaruku amewehuka, Mama Mbaruku yuko na wale," na kila waliponong'ona habari zake walikuwa wakinitaja mimi. Nilichoka.

Sasa Baraza lilikuwa limeamua. Chini ya jua hili hili lisilosogea, Fundi Chande alikuwa ameshaanza kukoroga udongo mbele ya ule mlango. Mlango utazibwa. Mwenye mtu wake ndani amtoe kabla ya tofali la mwisho. Asiyemtoa asije akalalamika. Ndiyo sababu nilikuja. Sikuja kutafuta ukweli, wala kuokoa roho ya mtu. Nilikuja kumchukua mama yangu nikamlaze nyumbani.

Walikuwa wamekaa duara, wanawake kwa wanaume, mgongo wa kila mmoja ukielekea ukutani, na kila mdomo ukienda na lake. Nyuma yao walikuwepo wengine waliopumzika: mmoja anashona kikoi, mmoja anamsuka mwenzake, mwanamke mnene anakula muhogo wa kuchemsha. Hilo nalo. Nilikuwa nimetarajia macho meupe, mapovu, watu wanaogaragara. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa. Nimekuta mtu anatafuna muhogo. Ukijitayarisha kuona wazimu ukaona chakula cha mchana, hujui uso uuweke wapi.

Niligundua kitu kingine, nikatamani nisingekigundua. Ukuta wa ile nyumba, pande zote, ulikuwa na alama za milango. Matofali ya rangi tofauti, yaliyopangwa kwa umbo la mlango, hapa mmoja, pale mwingine, bega kwa bega. Nyumba nzima ilikuwa imejengwa kwa milango iliyozibwa. Nilipojaribu kuwaza ni nani aliyeuzibua wa kwanza na ni nani aliyeuziba wa mwisho, wazo lilizunguka likanirudia mkononi likiwa tupu.

Yule mwanamke wa muhogo akanisogelea, akinipangusia mahali pa kukaa kwa ncha ya kanga.

"Karibu, baba. Mimi Kidawa. Umemfuata nani?"

"Nimemfuata mama yangu."

"Mama Mbaruku. Yule pale."

"Namwona, Bi Kidawa. Mwambie aje."

"Hawezi kuja. Ana mstari."

"Mstari gani?"

"Wake."

Hivyo ndivyo walivyo. Unauliza njia, wanakuonyesha mguu. Nikavuta pumzi, nikamuuliza polepole, kama unavyomuuliza mtu mwenye homa: "Mnaimba nini humu?"

"Kaa usikie."

"Nimesikia tangu nizaliwe."

"Hapana," akasema, bila ukali, akinimegea kipande cha muhogo. "Ulikuwa upande wa pili wa ukuta. Huko inafika ikiwa imechanganyika."

Sikuupokea muhogo. Nilivuka duara, jambo ambalo nadhani halifanywi, nikaenda kuchuchumaa mbele ya mama. Nikamwambia: mama, simama twende. Akanitazama. Mdomo wake ukaendelea. Nikamwambia: mama, Chande anakoroga udongo nje, huu si mzaha, watauziba huu mlango. Macho yake yalicheka, jamani, yalicheka kabisa, na mdomo ukaendelea. Nikamwambia mambo mengine, mengine ya haki na mengine ya hasira, kwamba nimeaibika, kwamba ukuta wa jikoni umeanguka, kwamba mtu haachi uji wa moto na mtoto mzima mwenye ndevu bila neno. Na kila nilipotamka mama, uso ule ulibadilika: mara ni bibi kizee mwenye mdomo uliokauka, mara ni mwanamke mbichi aliyenifunga mgongoni nikiona dunia juu ya bega lake, mara ni uso nisioujua, wa msichana ambaye hajawa mama wa mtu. Ni yule wa tatu aliyenitisha. Huyo hakuwa na sababu yoyote ya kunijua.

Ni kutojibiwa kulikoniuma. Naomba hili lieleweke. Mtu akikataa unajua pa kusukuma. Lakini mtu anapokutazama kwa upendo na hakujibu, anakufanya uwe mlango unaogongwa na wewe mwenyewe. Nilitaka kumziba mdomo kwa kiganja changu. Nilikinyanyua hata hicho kiganja. Nikasogea karibu hivyo, sikio langu likakaribia midomo yake, na hapo ndipo nilipousikia mstari wake peke yake, uliojitenga na ya wengine.

Alikuwa anasema Mbaruku.

Basi. Hakuna kingine. Mbaruku, pumzi, Mbaruku, pumzi, kwa sauti ndogo iliyokwaruzika, silabi ya mwisho ikivutwa kidogo ili ikutane na pigo la duara. Niligeuka kwa mtu wa pembeni yake, mzee mwenye jicho moja, nikatega sikio: alikuwa akitaja jina la mtu. Wa pili yake, jina la mtu. Kelele ile ambayo mji mzima ulikuwa umeipa tafsiri, ulevi na mvua na maradhi na uzuri, ilikuwa majina ya watu, majina ya kawaida kabisa ya watu wanaodaiwa kodi ya pango na kuumwa meno.

Utadhani nililainika. La. Nilikasirika mara mbili. Nani alimtuma? Miaka yote ile nilipojigeuza kitandani nikiilaani sauti ng'ambo ya mtaro, kumbe nilikuwa nikijilaani mwenyewe kwa jina langu mwenyewe, na hakuna aliyekuja kunambia. Mtu anakuombea bila idhini yako, anautumia uzee wake wote kwa jina lako, kisha wewe ndiye unayeonekana huna shukrani.

"Hapa hakuna anayejitaja," alisema Bi Kidawa, aliyekuwa amenifuata na muhogo wake. "Wala hakuna anayejiombea. Kila mmoja amebeba mwingine. Mdomo mmoja, jina moja."

"Akinyamaza kidogo tu azungumze na mimi?"

"Jina litaanguka."

"Likianguka kutakuwaje?"

"Litakuwa limeanguka."

"Bi Kidawa," nikasema, "kuna watu wanajenga ukuta pale mlangoni."

"Nawasikia. Si mara ya kwanza." Akaitazama ile milango iliyozibwa, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayewatazama watoto wake waliolala. "Mara nyingine tulifungua upande wa pili. Mara nyingine hatukuwahi. Sikiliza chini ya sauti, utawasikia waliotangulia."

Sikutaka kusikiliza chini ya kitu chochote. Nikamuuliza mama anapumzika vipi, na Bi Kidawa akanieleza kwamba kila mwenye mstari huwa na wa kumpokea. Huyu akichoka yule huuchukua, kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja. Lakini mwenzake mama walikuwa wamemzika, na tangu hapo mama alikuwa akilala huku mdomo unanong'ona. Wengine wote walikuwa na majina yao tayari.

"Kwa hiyo anayetaka kuzungumza na Mama Mbaruku," alisema, "ampokee."

Nilicheka kwa hasira. Nikamwambia mimi si wao. Siamini lolote ninaloliona humu. Nimetoka kwenye watu wanaoheshimu kimya, na kama ipo nguvu huko juu inayotusikia basi haina haja ya kupigiwa jina la mtu mmoja mchana kutwa kama vile ni kiziwi. Bi Kidawa akasubiri nimalize. Akaniuliza kama mchi huuliza imani ya anayeupokea.

Nami najua kutwanga. Mvulana wa pekee nyumbani hufundishwa kila kitu. Najua kwamba mchi wa mwenzio huuchukui kwa kumpigia kelele auache. Unasimama karibu, unaingia kwenye mwendo wake, unaushika ungali hewani kabla haujashuka, naye anauachia mkono wako ukiwa umeshaushika. Mama ndiye aliyenifundisha, uani kwetu, mahali ambapo hata mahindi yalitwangwa kwa adabu. Na nje nilisikia tofali likigongwa na mpini wa mwiko, likae sawa. Nikaketi. Nikaangalia mdomo wa mama. Nikaona aibu isiyo na mfano, kwa sababu hakuna jambo la kijinga kama mtu mzima kujiita. Nikasema Mbaruku. Akasema Mbaruku. Tukasema Mbaruku pamoja mara kadhaa, mimi nikichelewa, yeye akinivuta, mpaka sauti yangu ilipokaa juu ya yake. Hapo akaiachia.

Na mara tu alipoiachia nikaona ujinga wangu. Nilikuwa nimempokea ili tuzungumze, na sasa yeye alikuwa na mdomo mtupu na wangu umejaa.

"Haya, mwanangu," akasema mama, na sauti yake ya kawaida ilikuwa imeparara kama kamba kuukuu. "Sema ulilokuja kusema."

Mbaruku, nikasema.

"Nakusikia. Ukuta wa jikoni umeanguka, eti? Nilimwambia baba yako udongo ule una mchanga mwingi."

Mbaruku.

"Usinikazie macho. Mimi ndiye niliyekuzaa." Akajinyoosha, magoti yakalia. Akanishika kichwani kidogo, akauliza kama kuna anayejua maji yalipo, akaambiwa mtungi uko nje kivulini. "Ngoja nikanywe maji, ninyooshe na miguu. Usiuangushe."

Akatoka. Mama yangu, niliyekuja kumtoa, alitoka mwenyewe, kwa miguu yake, akapita mbele ya ukuta wa Chande uliokuwa umefika magotini, akauvuka kwa kunyanyua kanga. Kila nilichokitaka kilikuwa kimetimia isipokuwa mimi.

Sasa nitasema kinachotokea ndani ya mdomo, kwa sababu nilikaa humo muda ambao siwezi kuupima. Jina lako ukilisema mara chache ni wewe. Ukiendelea linakuwa sauti tu, tupu, kopo linalobingirika. Ukiendelea zaidi linakuwa la mtu mwingine, na unamwonea huruma. Nilimwona huyo Mbaruku kwa mbali, amesimama mbele ya ukuta na kiganja mdomoni, amekaza shingo, anangoja mshindo, na ng'ambo ya mtaro kuna mtu anamwita na hageuki. Nilitaka kumrushia kiatu. Sikio la kufa halisikii dawa. Geuka, mjinga wewe, geuka.

Jua likaanza kusogea. Ukuta wa Chande ulikuwa umefika kifuani, na juu yake, katika mwanga, vikatokea vichwa. Kilichotangulia ni cha Mzee Kitwana. Niliwahi kukipenda kile kichwa. Alinitazama, akatega sikio, na nikaona uso wake ukijaa furaha ya mtu aliyekuwa akibahatisha kumbe alikuwa sahihi.

"Msikilizeni," aliwaambia wa nyuma yake, kwa ile sauti yetu ya chini. "Msikilizeni anachosema. Anajiimba mwenyewe."

"Nani?"

"Mbaruku. Mbaruku anamwabudu Mbaruku. Ndiyo siri yao hiyo. Wanafundishwa kujisujudia."

Nilitikisa kichwa. Akasema, "Mnaona kichwa kinavyomcheza." Nilinyanyua mikono kumwonyesha hapana, sivyo, si jina langu kwa ajili yangu, ni mstari wa mama nimemshikia tu. Akasema, "Mnaona mikono." Nikamtazama tu, nikimsihi kwa macho, naye akarudi nyuma hatua moja na kusema kwa huzuni ya kweli kwamba hata macho yamekwisha kumtoka. Hakuna nilichoweza kukifanya ambacho hakikuwa ushahidi. Neno moja lingetosha. Lakini neno hilo lilihitaji mdomo, na mdomo haukuwa wangu. Na nikakumbuka nilivyochuchumaa mbele ya mama nikidai anijibu, nikamwona kama Kitwana alivyoniona. Hasira ikanipanda mpaka kwenye meno, na yote ilinibidi niipitishe kwenye jina lile moja, Mbaruku, Mbaruku, na bila shaka ilisikika kama raha.

Nje nilimsikia mama.

"Mwanangu yumo ndani, Mzee Kitwana."

"Wewe umetoka, Mama Mbaruku. Shukuru. Yeye amechagua."

"Hajachagua. Amenipokea."

"Basi mwambie anyamaze atoke. Ukuta bado haujafika juu, ataruka."

"Akinyamaza jina linaanguka."

"Jina lake mwenyewe," alisema Mzee Kitwana, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwema aliyechoka. "Si aliache lianguke? Hasara ya nani?"

Lilikuwa swali zuri. Nasema bila kejeli, lilikuwa swali bora kuliko yote yaliyowahi kuulizwa katika mji wetu, na nililitafuna huku matofali yakipanda na mwanga ukipungua. Hasara ya nani? Jina ni langu. Niliache. Niruke ukuta, nikale, nikalale, na mtaro uwe mtaro. Nilijaribu. Niliingia kwenye ile pumzi baina ya Mbaruku na Mbaruku nikaamua nisitoke nalo tena, na nikauona mdomo wa mama ulivyokuwa umekauka na kupasuka pembeni, na nikafahamu kwamba kile nilichokishika sicho nilichozaliwa nacho. Jina langu lile ninalotembea nalo, Mbaruku mwenye ukuta ulioanguka, hilo ni langu kulitupa. Hili jingine alilibeba yeye, amelilalia na kuamka nalo, amelizeekea. Mtu hawezi kuutupa mzigo wa mwenzake kwa sababu tu aliyemo ndani ya mzigo ni yeye. Nikalisema. Nililichukia nikalisema.

Ukuta ukafika juu. Likabaki tundu la tofali moja, na nuru ikiingia kama unga unaomwagika. Niliogopa. Sitatafuta neno la kifalsafa kwa jambo hilo: niliogopa kufia humo, mtu asiyeamini, katikati ya waumini, nikijitaja.

Hapo tundu likazibwa, na nilidhani ndilo tofali. Ulikuwa ni uso. Mama alikuwa ameparamia mawe ya Chande, ameingiza uso wake kwenye ile nafasi, na midomo yake ilikuwa upande wetu lakini yeye mzima alikuwa upande wao, katika barabara ya mji wa kufumba, mchana kweupe, mbele ya Baraza. Aliniangalia mdomo kama nilivyomwangalia. Akaingia kwenye mwendo wangu. Mbaruku, akasema, nami nikasema, tukasema, na ilipokaa nikamwachia. Akakitoa kichwa chake kwenye tundu taratibu, akawageukia watu, na akaendelea kuniita, kwa sauti yote iliyombakia.

Kulikuwa na kimya nje. Si kile chetu. Kilikuwa kimya cha watu wanaosikia. Kwa sababu huko barabarani, bila ukuta kuichanganya, bila duara nyuma yake, haikuwa kelele wala ulevi wala maradhi. Alikuwa bibi kizee aliyesimama mbele ya nyumba anamwita mwanawe.

"Kumbe anamwita mtoto," alisema Fundi Chande.

"Endelea na kazi," alisema Mzee Kitwana.

"Mzee, mimi nina mama."

"Kila mtu ana mama. Weka tofali."

Nilimsikia Chande akiligeuza tofali mikononi. Nilimsikia akiliweka chini, akikung'uta viganja, akisema kwamba udongo umekauka, hautashika, itabidi ukorogwe mwingine, na kwamba yeye jua hili haliwezi. Hakusema zaidi. Mwoga yule, Mungu ambariki. Hakuondoka wala hakujenga, na Mzee Kitwana naye hakuwa mtu wa kushika mwiko.

Nami nilikuwa huru. Mdomo wangu ulikuwa mtupu, kwa mara ya kwanza tangu niupokee, na kila mtu pande zote mbili alikuwa akingoja niutumie. Nilikuwa na hoja. Nilikuwa nazo tangu asubuhi, zimepangika. Ningeweza kuwaeleza kupitia lile tundu kinachoimbwa humu, na kwa nini, na walivyokosea, na nilivyokosea, wangeelewa au wangetafuta tafsiri nyingine. Nikasogea kwenye tundu. Nikamwona mama kwa nyuma: shingo, mafundo ya mtandio, mabega mawili madogo yakipanda na kushuka na jina langu. Anamtaja mtu siku nzima, na yeye ni nani anayemtaja? Mji mzima unamwita kwa jina langu. Hata humu ndani, Bi Kidawa alinionyesha Mama Mbaruku. Tangu siku niliyozaliwa hakuna mdomo uliomwita yeye.

Nilikijua ninachotaka kukifanya na nilikasirika kabla sijakifanya. Haifanywi. Nani anamtaja mama yake kwa jina mbele ya wakubwa? Shavu langu liliungua kama nimeshapigwa kofi. Nikashika kingo za lile tundu, nikangoja pumzi yake, nikaingia ndani yake.

"Mwanahawa," nikasema.

Mabega yakasimama. Mstari wangu ukalegea mdomoni mwake, ukashuka, ukashuka, ukawa hewa tu. Bi Kidawa nyuma yangu akaacha kutafuna. Nikalirudia jina lake kwa nguvu zaidi, kwa hasira, kama mtu anayegonga mlango wa kwao.

Akageuka. Ulikuwa ule uso wa tatu, wa msichana ambaye hajawa mama wa mtu, na machozi yalikuwa yakimwingia mdomoni. Na kupitia machozi yale, akiyameza, akasema Mbaruku.